Gauni la Mwajabu

Baada ya arobaini ya dada yangu Mwajabu, tuligawana nguo zake kama ilivyo desturi. Shangazi alichukua khanga, binamu zangu wakachukua viatu, na mimi mama akanipa lile gauni la bluu la kampuni yenye jina kubwa. Magauni ya namna hiyo huitambua ngozi ya aliyeyanunua tu, basi.

Mimi, Sikudhani, ni fundi cherehani. Nilimshonea Mwajabu tangu tukiwa shule, lakini siku aliyonunua gauni hilo alizichanachana nguo zote nilizomshonea zikawa matambara ya kuipulia sufuria. Ukweli usemwe, lilimpendeza. Harusini watu walimpisha njia.

Nikalivaa mbele ya ndugu wote. Gauni likafifia, likawa rangi ya majivu, kisha kwenye kola ikatoka sauti ya Mwajabu mwenyewe, kwa kuwa kila mnunuzi hurekodi onyo lake palepale dukani.

"Nani kakupa? Livue! Vitu hivi si vya watu wa hali yako."

Nikapandwa na hasira. Hata kaburini ananisimanga! Nikalivua, nikachukua mkasi nilikate vipande vipande.

Mama akanishika mkono huku machozi yakimtoka. "Sikudhani, weka mkasi chini," akasema. "Livae tena, mwanangu."

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya chakula nalivaa na kusimama mbele ya mama, marehemu anitukane. Mama hufumba macho na kutabasamu. Hajaniuliza hata siku moja mimi nasikia nini.