Tumbo la Kuazima

Msellem alipona homa ya mapafu wodini, lakini dawa kali ziliua vijidudu vyema vya tumbo lake, akahara hadi akakaribia kufa. Siku hizo sheria ilimtaka mke awe wa kwanza kuombwa vijidudu vyake, vinavyotolewa kwenye kinyesi, ampe mumewe. Mkewe, Raya, aliona kinyaa, akakataa. Msellem akapewa vya mtu asiyejulikana.

Aliporudi nyumbani, Raya alimpikia wali wa nazi na changu, chakula alichokipenda tangu waoane. Msellem akaonja, akasogeza sahani.

"Samahani, mke wangu. Kesho nipikie mlenda."

"Mlenda umeula wapi wewe?"

"Nyumbani," alijibu, kisha akajishangaa mwenyewe, maana kwao mlenda haukuwahi kupikwa.

Raya akakumbuka daktari alivyombembeleza atoe vijidudu vyake, akaondoa sahani bila kumtazama usoni.