Nyumba ya Mke na Mume

Katika Mtaa wa Mkwajuni, sheria ya kuhifadhi mji wa kale ililinda milango ya nakshi, kuta za mawe, na wakazi wenyewe. Kila nyumba ilipaswa kubaki na watu walewale walioandikwa siku iliposajiliwa.

Bi Mwanakhamisi alimzika mumewe, Mbwana Shee, Jumatatu. Alhamisi asubuhi afisa wa uhifadhi alipiga hodi, ameandamana na mwanamume aliyevaa kofia kama ya marehemu.

“Huyu ndiye Mbwana Shee,” afisa alisema kwa upole.

“Mume wangu yuko kaburini, mwanangu. Nami nimo edani.”

“Daftari linasema nyumba hii ina mke na mume, Bi mkubwa. Asiyekubali huhamishwa.”

Bi Mwanakhamisi alizaliwa katika nyumba ile, wala hakuwa na pengine pa kwenda. Akasogea kando. Yule mgeni akaingia, akaketi kwenye kiti cha marehemu, akakohoa kikohozi chake hasa.

Afisa hakuondoka. Alimwita ndani mwanamke mmoja wa umri wa Bi Mwanakhamisi, aliyekuwa akingoja uchochoroni.

“Tembea kidogo ukumbini, Bi mkubwa,” alisema. “Huyu anataka kuona unavyotembea.”