Kioo cha Pili

Chini ya hadubini bakteria wangu walikuwa pinki. Nilikuwa nimeshaliandika jibu hilo kwa wino kwenye karatasi ya mtihani, ndipo nikaitazama tena sahani yao ya MacConkey, ile ya kuoteshea bakteria. Mwalimu alitufundisha kwamba wa pinki huota humo. Hawa wangu hawakuota hata doa moja.

Nikajua kosa liko wapi. Spiriti ya kuoshea rangi hukaa kwenye kioo kilichopakwa bakteria sekunde chache tu. Mimi niliimwaga, nikasinzia. Mtoto wangu anaota meno, hatujalala tangu Jumapili. Spiriti ilikuwa imekula zambarau yote, rangi ya kwanza, hata bakteria wa zambarau wakaonekana pinki.

"Acha hivyo, twende nyumbani," mwanafunzi mwenzangu Awuor akaninong'oneza kutoka meza ya pili. "Si ndivyo umeona?"

Ndivyo nilivyoona. Lakini mwakani, nikipita, kuna mgonjwa huko mtaani Mukuru atakayepewa dawa kwa neno langu.

Nikainua mkono. "Mwalimu, naomba kioo kingine. Hiki nililala nacho."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Kioo cha pili kinakata alama kumi, mama. Unaweza kuanguka hata ukipata jibu."

"Najua."

"Na dakika zimebaki kumi na tano."

Nilifanya nikiwa nimesimama, usingizi usinipate tena. Nikapaka bakteria kwenye kioo kipya, nikakipitisha kwenye moto, nikamwaga zambarau, kisha iodini. Spiriti ilipogusa kioo nikaanza kuhesabu kwa sauti, darasa zima likisikia. Moja. Mbili. Tatu.

Nikafungua maji kuiosha spiriti.