Taa ya Popi

Siku Leokadia alipowahi kurudi kutoka zamu, Popi, mbwa wake, alimnusa viatu, kisha akarudi zake kulala. Taa ya kola ya shingoni mwake, iliyozoea kumwakia Leokadia, haikuwaka. Lakini mlango ulipofunguka na Tabitha akaingia, mbwa aliruka kama kichaa, na taa ikawaka kijani.

Sheria kila mtu aliijua: mbwa ni wa yule ambaye yeye mbwa anampenda zaidi. Kola ikishamwakia mtu, anaondoka naye.

"Mama Koku, nisamehe," Tabitha alisema, machozi yakimlengalenga. "Uliniajiri nimtembeze, nikamtembeza tu. Hata kumbembeleza nilijizuia."

"Huna kosa, mdogo wangu."

Leokadia alijikaza. Alikuwa amemlea Popi kwa chupa tangu hajafumbua macho, kabla kazi ya hospitali haijammeza mzima mzima. Alikunja blanketi la mbwa, akalitia kwenye mfuko pamoja na bakuli lake. Alipoinama kumuaga, Popi alimlamba mkono kwa adabu, kama mgeni anayeshukuru chai.

Koku, bintiye, alikuwa ameshavaa viatu. Kila jioni alifuatana nao matembezini, na leo pia alikwishaushika mkono wa Tabitha. Aliitazama ile taa ya kijani kwa hamu.

"Mama," aliuliza, "na sisi watoto tutavalishwa kola lini?"

Leokadia aliufunga mlango kwa ufunguo, wote wakiwa bado ndani.