Nilionyesha kwa Kidevu

“Gichuki ameingia wapi?” vijana watatu wa genge la mtaa wa pili waliniuliza mlangoni pa saluni yangu, Majengo. Walikuwa wameshika mapanga.

Mikono yangu ilikuwa kwenye nywele za mteja. Nilionyesha uchochoro kwa kidevu.

Walimuua huko huko. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Walipoondoka, nilienda nikamfunika kwa leso yangu.

Leo mama yake amekuja kutoka Giakanja.

“Watu wote walifunga milango,” akaniambia. “Ni wewe tu uliyemfunika. Mungu akubariki. Sasa nisuke, dada. Tunamzika kesho.”

Akaketi, akainamisha kichwa.

Kabla ya kuchukua kitana, nilikigeuza kiti chake kisielekee kioo.