Nyumba ya Arobaini

Siku hizi jiko haliwaki mjini ikiwa ndani ya nyumba arobaini yupo jirani mwenye njaa. Mwanzoni majirani walimletea Bi Zuwena, mjane asiye na mbele wala nyuma, sahani ya wali, hadi walipochoka. Leo, magharibi ikikaribia na futari zao zingali mbichi, wamemletea mkokoteni.

"Si kwa ubaya, Bi Zuwena," alisema Maalim Khatibu, imamu wa mtaa, akimkunjia mkeka wake. "Watoto wetu wamefunga."

"Na huyu wangu?" aliuliza, amempakata bintiye.

Maalim aliutupia mkeka mkokotenini, akaanza kuusukuma. Walipoipita nyumba ya arobaini, nyuma yake majiko yaliwaka kwa pamoja, harufu ya vitunguu ikamfuata. Mbele, mtaa wa pili, moto ulianza kuzimika, na milango ikafunguliwa mmoja mmoja.