Hodi kwenye Kifaru

Kwa miaka mingi Injinia Riziki alikuwa akiunda kombora lisilo na baruti. Ndege ingeliachia angani, nalo lingekimbia kuliko sauti mara kadhaa na kukipasua kifaru cha vita kwa mwendo wake tu.

Asubuhi ya jaribio la kwanza, ndege ikiwa imekwisha kuruka, alikiendea kifaru kibovu kilichowekwa uwanjani kiwe shabaha, akakigonga ubavuni.

“Hodi!”

Wenzake walicheka garini. Walishamzoea. Marehemu mama yake alimfundisha kwamba nyumba haiguswi bila hodi, hata ikiwa gofu.

“Hodi humu ndani!”

“Karibu,” sauti ikaitika.

Kicheko kikakatika. Kifuniko cha juu kikainuka, akachomoza bibi mmoja, kanga yake imejaa manyoya.

“Karibu, mwanangu. Namtazama kuku wangu. Kaacha banda lake, kaja kulalia humu.”

Riziki akaipapatikia simu ya upepo. “Msiachie! Rudini! Kuna mtu!” Kisha akaishika mikono ya yule bibi, na machozi yakamtoka.

“Asante, bibi. Asante.”

“Asante ya nini, nawe sijakupa kitu?” Bibi akainama ndani, akamwekea yai la moto kiganjani. “Haya, sikiliza, halafu unirudishie.”

Riziki akaliweka sikioni. Juu yao ndege ilipita, kombora lingali chini ya bawa. Ndani ya ganda, kifaranga alikuwa akigonga.